Ami Aliyetufundisha kwa Korosho

Ami yangu, ndugu mdogo wa baba, alikuwa mtu wa kujua nusu ya kila jambo, na nusu hiyo aliipata akiwa amesimama mlangoni. Alisimama mlangoni kwa kadhi, akajua sheria. Alisimama mlangoni kwa daktari, akajua dawa. Halafu, miaka ya hamsini ilipokuwa bado michanga, alipata ukarani wa stoo kwenye shamba la Mzungu mmoja huko Diani, akasimama kwenye mlango wa baraza la nyuma, akajua ualimu.

Mke wa yule Mzungu alikuwa na watoto wawili wadogo, na badala ya kuwapeleka shule za bweni za bara, aliwasomesha mwenyewe nyumbani. Dada yake aliyeolewa Amerika alikuwa amempelekea mkebe wa kokwa za huko, ndefu, laini, za rangi ya kahawia, ziitwazo pikani. Yule mama alizifanya zile kokwa kuwa somo zima. Watoto walizihesabu na kuzigawanya, wakachora mto ambao miti yake huota kandokando, wakaandika habari zake, wakazipika na sukari. Ami alipewa mbili aonje. Ya kwanza aliila huko huko. Ya pili aliileta kwetu Msambweni ndani ya kitambaa chake cha jasho, akaikata vipande vidogo kwa kisu, kila mtu akapata chake. Nilichoonja mimi kilikuwa jasho la ami.

Wakati huo kulikuwa kumefunguliwa shule ya wasichana si mbali na kwetu, na wazee wa mtaa walikuwa wakipita nyumba kwa nyumba kuuliza nani atapeleka mabinti zake. Baba hakutaka binti zake waonekane njiani. Vile vile hakutaka kuitwa mshamba. Alikaa na mashaka hayo hata ami alipokuja na kokwa yake.

"Ndugu yangu," ami akamwambia, "Wazungu wenyewe hawapeleki watoto wao shule. Wanawasomesha nyumbani, tena kwa kitu kimoja tu. Wao wana pikani, sisi tuna korosho. Nipe hawa mabinti mwaka mmoja."

"Na wataweza kusoma maandishi ya serikali?" mama akauliza kutoka jikoni.

"Shemeji, maandishi ni jambo dogo. Mimi nitawapa elimu."

Baba yangu hakuwa mkatili. Ukatili unataka bidii, na bidii yake yote aliimaliza kwenye biashara ya mbata za nazi. Akirudi nyumbani alipenda shauri lolote ambalo halikumwinua mkekani. Akakubali papo hapo, na wazee wa mtaa walipopita tena aliwaambia kwamba binti zake wanasomeshwa kwa utaratibu wa Kizungu.

Tulikuwa wawili. Mimi nilikuwa na umri wa kama miaka kumi, na dada yangu alikuwa amekwisha vunja ungo. Posa yake ilikuwa imeshaletwa na watu wa Vanga, jamaa wa mbali wa baba. Sote tulikuwa tumehitimu chuoni. Kurani tuliisoma, na dada alizisoma hata barua za Kiswahili zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu. Lililobaki lilikuwa hizo herufi nyingine, za Kizungu, na hesabu, na habari za ulimwengu. Ami alikuwa na mwana wa kiume wa umri wangu. Yeye alikuwa Mombasa, shule ya serikali, akivaa kaptura ya kaki na kukalia dawati. Hakuna aliyempa yeye elimu ya korosho.

Darasa letu lilikuwa uani, chini ya makuti ya jiko la nje. Ami aliacha kazi Diani, au kazi ilimwacha, sikupata kujua, akawa anakuja kila asubuhi baada ya chai. Alikuwa na kiti. Sisi tulikuwa na jamvi. Na katikati yetu liliwekwa gunia la korosho kutoka mikanju yake mwenyewe, kwa maana lilikuwa ndilo gunia la kufundishia.

Somo la kwanza lilikuwa hesabu. Tulizihesabu korosho na kuzitenga mafungu. Somo la pili lilikuwa elimu ya viumbe, nalo lilikuwa kuzichoma. Mtu wa kwetu haambiwi jinsi korosho inavyochomwa: bati lililotobolewa matundu, moto wa nguvu, fimbo ndefu ya kukorogea, nawe umekaa upande upepo unakotoka, maana ganda lina mafuta yanayolipuka, na moshi wake huwasha macho na koo. Ami alitufundisha jambo hilo akiwa upande wa pili wa ukuta. Somo la tatu aliliita kazi za mikono. Tulipasua maganda kwa jiwe, tukatoa korosho nzima nzima, tukamenya ngozi yake ya ndani. Ilipovunjika alitukemea, akasema msomi havunji. Vidole vyetu viligeuka vyeusi, ngozi ikabambuka. Siku ya Alhamisi gunia lilitoka likiwa jepesi juu ya baiskeli yake, kuelekea kwa Wahindi wa Ukunda, na Jumamosi likaja jingine. Hata mtoto wa miaka kumi aliweza kuona ni elimu ya nani.

Sitaki kumdhulumu. Yalikuwapo masomo ambayo hayakuwa kazi. Lilikuwapo somo la jiografia. Alichukua kijiti akachora ulimwengu mchangani: upande mmoja Brazili, ilikotoka korosho, upande wa pili Msambweni, ilikofika, na kati yake maji.

"Na Makka iko wapi?" nikamuuliza.

Ami aliitazama michoro yake. Kisha akatia kijiti katikati ya maji.

"Hapa."

Kuku wa mama akapita akaikanyaga Makka, akaendelea na njia yake. Dada alinifinya nisicheke.

Historia ilikuwa kwamba Wareno walileta korosho. Kabla yao hapakuwa na kitu pwani hii, na baada yao hakutokea kitu kilichostahili kutajwa. Somo la dini ndilo lililomletea taabu, kwa sababu huko tulikuwa tumemtangulia. Alisema korosho ni tunda lililotukuzwa katika Kitabu, akamwambia dada ataje aya.

Dada aliinamisha kichwa kwa adabu. "Ami, zimetajwa tende. Zimetajwa zabibu, na zeituni, na tini, na komamanga. Korosho sikuziona."

"Hazikutajwa," ami akasema. "Zimekusudiwa."

Tangu siku hiyo dada hakumuuliza tena jambo lolote. Alimpa jibu alilotaka, kwa sauti moja, kama mtu anayemtilia kuku mtama. Mimi nilidhani ni utiifu. Baadaye niligundua kwamba alikuwa amekwisha mtoa katika hesabu ya watu.

Miezi kadhaa ilipopita ami akataka kutuonyesha. Alimshawishi baba aite watu, nao wakaja baada ya sala ya alasiri: wafanya biashara wenzake wawili watatu, mwalimu wetu wa chuoni, na karani wa mudiri, mtawala wa serikali kwetu, naye alikuwa na gazeti kwapani. Mama alipika kaimati, akatengeneza kahawa ya tangawizi. Tulisimamishwa mbele ya baraza tumevaa nguo za Idi, na ami akaanza kutuuliza maswali aliyokuwa ametukaririsha wiki nzima. Korosho ilitoka wapi? Brazili. Nani aliileta? Wareno. Mkanju huchanua kabla ya nini? Kabla ya kuzaa. Kila tulipojibu wazee walitikisa vichwa, na mmoja akasema mashallah.

Kisha akatuambia tuandike. Tuliandika ubaoni KOROSHO kwa herufi za Kizungu, na MKANJU, na GUNIA. Tulijua maneno hayo matatu, na tuliyajua kama mtu anavyozijua nakshi za kitanda chake, bila kujua herufi ipi ina sauti ipi. Karani wa mudiri akafurahi. Akafungua gazeti lake, gazeti la Kiswahili, akaniwekea kidole mwanzo wa mstari.

"Nisomee hapa, mwanangu."

Niliutazama ule mstari. Nilitafuta KOROSHO, sikuiona. Nikamtazama ami.

"Bwana karani," ami akasema, "habari hiyo haihusu korosho."

Nilingojea watu wazima watasemaje. Nilikuwa nikijua, kwa ujinga wa utoto, kwamba sasa itajulikana, na baba atainuka, na mambo yatageuka. Karani akacheka, akalikunja gazeti. Mfanya biashara mmoja akasema kila fundi na chombo chake. Mwalimu wa chuoni, mtu ambaye alitupiga fimbo kwa kukosea irabu moja ya Kurani, alichukua kaimati nyingine akasema jambo jema ni kuanza. Wakanywa kahawa yao hata ikaisha, wakamshukuru ami kwa kuinua jina la mji, wakaenda zao. Nimeishi miaka mingi tangu hapo na nimehudhuria hadhara nyingi za wanaume wenye heshima. Sijapata kuona iliyokuwa tofauti sana na ile.

Baada ya siku ile ami alivimba. Sasa hakuwa mwalimu tu, alikuwa na neno katika kila jambo la nyumba yetu, na jambo kubwa la nyumba yetu lilikuwa posa ya dada. Dada alikuwa na baka dogo jeusi chini ya jicho la kushoto, alilozaliwa nalo, si kubwa kuliko punje ya kunde. Mama alilipenda. Alisema malaika alimgusa akiwa tumboni. Ami alianza kulitazama.

Mama aliitwa Waa kwenye matanga ya binamu yake, akalala huko siku mbili. Asubuhi ya kwanza ami akaja, akakaa kwenye kiti chake, akatangaza kwamba leo tutasoma elimu ya afya.

"Mafuta ya ganda la korosho," akasema, "huondoa chunjua. Mmepata kuona watu wakitia miguuni. Na kinachoondoa chunjua huondoa kila kilichozidi kwenye ngozi." Akamgeukia dada. "Njoo hapa karibu."

Dada hakuinuka. "Ami, mafuta hayo yanaunguza. Tazama mikono yetu."

"Mikono yenu ni ya kazi. Hapa nitatia tone moja, kwa ujuzi. Watu wa Vanga watakuja kumtazama mchumba wao, na mimi sitaki waseme tumewapa kitu chenye doa."

"Tumngojee mama."

"Mama yako alisoma wapi?"

Siku zile mtoto wa kike hakumkatalia ndugu wa baba yake mara ya tatu. Baba alikuwa barazani, umbali wa ukuta mmoja, akihesabu mbata zake na mpagazi. Nilikwenda nikamwambia. Akanijibu pasipo kuinua macho, "Ami yako anajua anachofanya." Niliporudi, ami alikuwa ameshapasua korosho mbichi na kulibana ganda kwa koleo, na mafuta mazito, meusi, yalikuwa yameshashuka juu ya shavu la dada. Tone moja halikuwa tone moja. Liliteremka. Alilipangusa kwa kidole chake, akalitandaza.

Dada alisema linawasha. Ami akasema ndivyo dawa inavyofanya kazi, akafunga darasa mapema, akapanda baiskeli.

Usiku ule dada hakulala. Kulipokucha uso wake nusu ulikuwa umevimba, jicho limefumba, na kuanzia kwenye jicho mpaka karibu na mdomo kulikuwa na malengelenge yaliyokuwa yakichuruzika maji. Mama alifika mapema asubuhi. Alimtazama mara moja. Alimvisha buibui, akamshika mkono, wakaenda hospitali kwa miguu.

Walirudi mchana uso umefungwa bendeji. Ami alikuwa amekwisha fika, amekaa na baba barazani, na alikuwa na maelezo.

"Kumbe ngozi yake ni dhaifu," akasema. "Ningeambiwa mapema kwamba ngozi yake ni dhaifu, ningetumia nusu."

Baba aliguna. "Ni kudura ya Mungu."

Mama alisimama mbele yao hajavua buibui. Sikupata kumsikia akisema na wanaume wa nyumba ile kwa sauti ile, kabla wala baada.

"Mungu hakuja hapa na korosho mkononi," akasema. "Alikuja ndugu yako. Na wewe ulikuwa hapo ulipokaa sasa."

"Shemeji, mimi nilitaka kumpendezesha."

"Shemeji, usikanyage tena uani kwangu. Barazani kaa upendavyo, ni kwa ndugu yako. Uani ni kwangu."

Ami alimtazama baba. Baba alitazama mbata. Hivyo ndivyo shule ya korosho ilivyofungwa.

Jumatatu yake mama alituchukua sote wawili, dada na bendeji yake, tukaenda mpaka kwenye shule ya wasichana kupitia njia kuu, mbele ya maduka, saa ambayo watu wote wako nje. Hakumuuliza baba. Baba, kwa upande wake, hakumzuia, kwa kuwa kuzuia kungemlazimu kuinuka. Mwalimu mkuu alikuwa mwanamke kijana wa Mombasa, mwenye miwani. Alimuuliza mama kwa nini amechelewa hivi kuwaleta.

"Walikuwa wakisoma nyumbani," mama akasema.

"Wakisoma nini?"

Mama akanitazama nijibu. Nikasema, "Korosho." Yule mwalimu alidhani sikuelewa swali, akauliza tena, nami nikajibu vile vile.

Nilitiwa darasa la watoto wadogo. Niliketi kati yao kama ngamia kati ya mbuzi, nikajifunza kwamba ile K ya KOROSHO ndiyo hiyo hiyo ya KUKU na KITABU, na kwamba ingalichukua asubuhi moja tu kuniambia. Hasira niliyoipata siku hiyo ilinisomesha kuliko fimbo. Dada alikuwa mkubwa mno kwa shule, lakini yule mwalimu alimruhusu akae nyuma na buibui lake, na kwa kuwa kusoma alishajua kwa herufi za Kiarabu, kabla ya mwaka kwisha alikuwa akilisoma gazeti lolote uliloweka mbele yake.

Uso wake ulipona vibaya. Baka liliondoka, hilo ami alikuwa akilitaja, na mahali pake pakabaki kovu jeupe lililokunjana, likauvuta kidogo mdomo upande. Watu wa Vanga walimtuma mwanamke mmoja kuja kutazama. Alikunywa chai yetu, akalia kidogo, akasema watangojea apone. Hawakurudi tena.

"Wamenipunguzia safari," dada akaniambia. "Na barabara ya Vanga unavyoijua."

Alilia baadaye, peke yake, chooni, akidhani sikumsikia. Lakini hakuufunika uso wake ndani ya nyumba wala mbele ya wageni wa kike, hata mama alipomshauri. Miaka miwili baadaye aliposwa na fundi cherehani wa Waa, ambaye dada zake walikuwa wameshamwona dada yangu mara nyingi wakamweleza ndugu yao kila kitu, na yeye akasema anaposa mtu, haposi picha. Wamezaa, wamegombana, wamepatana, kama watu.

Miaka ya sitini ilipoanza nilimaliza mafunzo ya ualimu, mimi wa kwanza miongoni mwa wasichana wa mtaa wetu. Baba, ambaye sasa alikuwa akijisifu kwamba alinipeleka shule, alichinja mbuzi, akaita watu. Dada alikuja kutoka Waa na wanawe. Chakula kilipowekwa uani, ambako siku hiyo mama alimwachia ami aingie, ami akasimama. Nywele zilikuwa zimeingia mvi na sauti ilikuwa imenona.

"Huyu mnayemwona," akasema, "mimi ndiye niliyemtia kwenye njia. Hapa hapa uani. Kabla ya shule, kabla ya serikali. Kwa korosho."

Watu wakasema mashallah. Nilikuwa na sinia la wali mikononi. Nikaanza kusema, "Ami, tafadhali keti," lakini dada akanishika mkono.

"Mwache aseme," akasema, kwa sauti ambayo wageni waliisikia. Akaenda akaketi karibu na ami kabisa, kwenye mkeka mbele ya taa, akaugeuza uso wake kwa watu. "Endelea, ami. Tunasikiliza."

Kila mtu mle uani alikuwa akijua, kila mtu alikuwa amejua miaka yote ile, na sasa hawakuwa na pa kuweka macho. Nilimtazama ami nione kama aibu itamfika. Nilikuwa bado na tamaa hiyo, mtu mzima mimi. Hakusita. Alieleza habari za Brazili, akaeleza habari za Wareno, akamsifu yule Mzungu wa Diani ambaye, kwa maneno yake, alikuwa akimwomba ushauri. Alipomaliza aliketi, akanawa mikono, akaniomba nimwongezee wali na kipande cha mguu.

Nikampakulia. Alikuwa ami yangu, na mama alikuwa akinitazama.